Hasikii

Muuguzi alisimama nyuma ya Apolot,
daftari limeziba mdomo,
akanong'ona: maziwa. Mtama. Mvua.
Apolot akatazama dirishani,
mabati ya Kumi yakimeta juani.

Mvua, akarudia muuguzi.
Darasa zima liligeuka.
Yeye hakugeuka.

Mwaka mzima nimemwita mkaidi.
Muhula wa pili nilimwandikia baba yake:
*mtoto huyu hasikii*,
kwa wino mwekundu, nikapiga mstari,
wala sikujua
kwamba nimeandika kweli tupu.

Leo nimesogeza dawati lake mbele,
upande wa sikio lenye uhai.
Fimbo nimempa mpishi
achochee moto wa uji.

Kesho tunapimwa walimu.
Sijui kama nitageuka.