Kasha la Kilo Nne

Mchwa wa Newala hawajui kusoma,
lakini walianzia ukurasa wa benki.

Daftari langu la kava gumu, miaka sita chini ya printa:
nywila za watu arobaini na watatu.
Mzee Nampembe, pensheni.
Binti Likwata, mkopo wa chuo.
Katibu wa chama cha msingi, mfumo wa stakabadhi za ghala.
Na ya Somoe, aliyenisihi niiandike kwa herufi ndogondogo
mtu asiione.
Nikaandika ndogondogo. Mchwa wakaiona.

Chilumba fundi simu akacheka mpaka akaweka bisibisi chini.
Dada Asina, siku hizi kuna makasha humu humu kwenye simu.
Unatia kila kitu,
kichwani unabaki na neno moja.

Nikamuuliza bei.

La kwanza dola tatu kwa mwezi.
Nikapiga hesabu kwa kilo, kama tunavyopiga kila kitu huku:
ada ya mwaka ni kilo thelathini za korosho,
na mnada wenyewe bado.

La pili bure.
Nikalitazama kama soda ya bure msimu wa mauzo;
anayekunywesha ana mizani yake nyuma ya mlango.
Nikilifungua, tangazo la mikopo. Nikilifunga, tangazo la kubeti.
Kasha gani lina wapangaji?

La tatu kilo nne kwa mwaka.
Msimbo wake umeanikwa wazi kama makopa juani,
mjuzi yeyote apite, atafute ukungu.
Na wenye nalo wameandika, bila kupaka sukari:
ukisahau neno lako kuu, hata sisi hatuwezi kukufungulia.

Chilumba akasema hiyo ndiyo kasoro yake.
Mimi hapo ndipo nilipotoa pesa.
Nimekulia nyumba ambayo kisima cha maji ya mvua kina kufuli,
na bibi aliulalia ufunguo.

Kuhusu neno kuu, Chilumba alitaka jina la mwanangu na mwaka wake.
Newala nzima inajua nimejifungua lini, na kwa nani.
Nikachagua maneno manne yasiyojuana,
moja la Kimakonde, alilokuwa akifukuzia kuku
bibi huyo huyo
basi. Nimeshasema mengi.

Wiki nzima nikawaita wateja mmoja mmoja:
njoo na simu yako, kasha lako ulifunge mwenyewe,
mimi nitatazama ukutani.

Somoe akaja na kitochi.
Hakutaka kasha. Nywila yangu ninayo, akasema,
sijawahi kuisahau hata siku moja.
Nilikupa wewe ili nikifa
pawe na mtu anayeijua.

Alipoondoka nilikaa na ile karatasi.
Mchwa walikuwa wamemwachia tarakimu tatu.

Usiku nikapekua mipangilio. Kumbe hilo nalo lipo,
limo ndani ya zile kilo nne:
unamtaja mtu mmoja,
akibisha hodi na wewe ukakaa kimya siku saba,
kasha linamfungukia.

Jina la mtu wako wa dharura, kikauliza kioo.

Nimemlipia mlinzi. Neno ninalo.
Umeme umekatika, umerudi,
na kile kimstari bado kinapepesa
kwenye nafasi tupu.