Fomu ya Kubaki

Bahasha ilifika Nachingwea Jumanne,
imefungwa kwa utepe, imeandikwa SIRI,
na kabla sijaisainia
mpishi wa mesi alishaniuliza ni shilingi ngapi.

Milioni kumi na nane kwa afisa atakayebaki miaka mitano.
Nusu sasa, nusu akimaliza.
Mimi ni sajini, karani wa malipo;
kwa cheo changu kubaki ni amri, hakuna fomu.
Nikazigonga mihuri zote saba,
nikazipanga mezani kama sahani za wageni.

Meja Chitanda alisaini amesimama.
Luteni Mpitage alitaka kujua
kama nusu ya kwanza itaingia kabla ya Ijumaa,
kuna pikipiki ameiona Masasi.
Wawili waliomba wakaulize nyumbani.
Siku ya kupangiwa operesheni
hakuna aliyeomba kuuliza nyumbani.

Kapteni Somoe Nandonde alikuja mwisho,
mhandisi, mchimba visima,
vumbi jekundu limempanda mpaka kwenye kope.
Mfukoni ana barua nyingine, ya kampuni ya gesi, Mtwara mjini:
mshahara wa mwezi mmoja kule
ni wa miezi minne huku, na nyumba yenye kiyoyozi.
Akaisoma fomu yangu, akairudia, akachekea puani.
"Sajini, hii si kangomba hii?
Mnaninunua miaka ikiwa bado maua."

Sikujibu. Mimi mtoto wa Newala,
kangomba naijua kwa harufu.
Mwezi wa saba, mikorosho imechanua,
alikuja mtu na noti mpya na kopo lake la kupimia.
Baba akapokea, nikapata viatu vya shule.
Oktoba tukaokota korosho chini ya miti yetu
tukizitia kwenye gunia la mtu,
na baba hakutaka tumtazame.

Lakini viatu nilivivaa. Hilo nalo ni kweli.

Mama bado yuko kule juu.
Debe la maji lilipopanda bei
majirani walishuka bondeni mmoja mmoja,
wengine wameng'oa na milango.
Nikamwambia njoo huku kwangu.
Akasema makaburi hayahami, nani atayafagilia?
Hakuna aliyempelekea fomu.
Mtembea bure, walisema, si sawa na mkaa bure;
mkaa kwa malipo hawakumtaja.

Hata reli ilifika mji huu zamani,
ikang'olewa chuma kwa chuma.
Ilikopita, mbuzi wanalala.

Siku tatu fomu ililala chini ya stepla.
Siku ya nne Kapteni akarudi, mikono inanuka grisi.
"Naipanga tumepata maji," akasema,
"mita themanini na mbili,"
akaichukua kalamu yangu, akasaini,
bila kuketi, bila kuvua kofia.
Palikuwa na sehemu moja bado tupu:
*Sababu za kubaki*, mistari mitatu.
"Jaza wewe, Sajini. Una mwandiko mzuri."

Nikaandika *fedha*. Nikafuta.
Nikaandika *uzalendo*,
neno likakaa pale
kama mgeni aliyevaa koti kwenye joto la Novemba.
Nikafuta. Karatasi ikaanza kutoboka.
Nikaandika: *mita themanini na mbili*.

Wiki mbili, fomu ikarudi kutoka Makao Makuu,
wino mwekundu pembeni:
*Sababu haieleweki. Rekebisha.*

Bado ninayo, chini ya stepla.
Luteni Mpitage anapita dirishani na pikipiki yake,
anapiga honi bila sababu yoyote.
Kapteni yuko porini, kisima cha pili,
mita sitini na bado vumbi.
Jana alipiga simu kambini. Nikajiandaa kumwambia
fedha yake imekwama, na kwamba mkono uliokwamisha ni wangu.
Aliomba mabomba. Akakata.