Chuma cha Kushikia

Vidato saba vya mawe toka mlangoni hadi barabarani,
nyumba ya Bi Doreen Oldroyd, Sheffield, mtaa wa mteremko
ambako hata paka hushuka upande upande.
Nilivihesabu siku yangu ya kwanza ya zamu, mwezi wa tatu.
Cha nne kimemomonyoka. Cha sita kina ukoga.
Hakuna cha kushika ila hewa,
na hewa ya huku, asema mwenyewe, haijawahi kumdaka mtu.

Miaka thelathini na mmoja alisugua vijiko kiwandani,
vijiko vya harusi za watu asiowajua;
vidole vyake bado vimejikunja kwa kipimo cha mpini.
Nikamjazia fomu. Kurasa kumi na nne
kwa chuma kimoja na skrubu sita.
Je, umewahi kuanguka?
Niliandika: Bado.
Jibu likaja: basi subiri.

Tukasubiri. Mwezi wa tano. Wa nane.
Kule juu, penye bustani pana,
ninakofanya usafi Ijumaa kwa Bwana Pemberton,
mwanawe wakili aliandika barua moja;
wiki haijaisha, fundi yuko mlangoni na drili.
Simwonei kijicho. Chuma kile kinamfaa.
Nauliza tu, mji mmoja, baraza moja,
majibu mawili yametoka wapi?

Novemba barafu iliingia usiku bila hodi.
Alitoka kuchukua maziwa.
Nyonga. Gari la wagonjwa. Wiki kumi na moja wodini.
Daktari mpole, muuguzi mpole,
kila mtu mpole kupita kiasi,
akishaanguka.

Habari za ufa na ukuta nimezisikia tangu utoto,
nikidhani ni maneno ya kupambia kanga.
Sasa ukuta nimeuona:
una vitanda ishirini na vinane na taa zisizozimwa.

Barua ya kukubaliwa ilifika Januari.
Nilimsomea kitandani. Akacheka mpaka mashine ikalia.
"Waambie wakifunge kwenye jeneza," akasema,
"upande wa kulia. Wa kushoto sina nguvu."

Leo niko namba kumi na tisa, kwa Mzee Ghalib Muthanna,
aliyeyeyusha chuma cha mji huu hadi mapafu yakagoma.
Vidato vitano. Cha pili kinacheza.
Je, umewahi kuanguka?
Ananitazama. Namtazama.
Kalamu naiweka chini,
natoa futi mfukoni, napima ukuta.