Mwenye Mali

Sanduku liko mezani, Kilindini limefika,
Kisukuku kimo ndani, kombe lililopindika;
Kilizuka Miritini, mwamba ulipopasuka,
Kikatoka bandarini, kikaitwa mawe taka.
Fomu yahoji: ya nani? Na wino unakauka.

Kadzo: hili shamba lake, akunjua yake hati;
Haisemi chini yake amepewa ngapi futi.
Profesa, waraka wake umebanwa na risiti,
Nyamawi, na nyundo yake, alilipwa lile koti.
Makumbusho, watu wake wameshapima kabati.

Sheria: cha serikali. Wakili: si sawasawa,
Kilishauzwa awali, sheria haijazawa.
Nimepiga simu mbili: «Subiri, utaambiwa.»
Kimengoja bila swali, Mvita haijakuwa;
Leo ghala halijali: faini ya kuchelewa.