Marela, Sogea

Ng'ombe alilala hapa, chini ya chumba cha bibi,
pumzi yake ikipanda kwenye nyufa za mbao
kuwapasha joto watoto sita wa kitanda kimoja.
Jina lake Marela. Bibi Erundina alimwita
hata mwaka ule ambao sisi wengine
alikwisha kutusahau.

Leo Delmiro, fundi mawe, amepiga magoti palipokuwa hori,
anapima kwa kamba: kitanda cha watu wawili kitaenea,
na bafu pia, tukisogeza dirisha shubiri moja.
"Ila dirisha silisogezi," anasema.
"Ukuta huu una miaka mia mbili na ushei.
Ukiutekenya utacheka,
na ukicheka, tumekwisha."

Nilirudi Galisia na mkopo wa benki ya Vigo
na kabrasha la idara ya utalii wa mashambani,
kurasa arobaini za masharti:
kimo cha dari, upana wa ngazi, kizima moto,
na kibao cha kijani kuonyesha pa kukimbilia.
Hakuna ukurasa unaouliza nani alikwisha kukimbia.
Mjomba Amaro alipitia mlango huu huu wa mwaloni
akaenda Buenos Aires, ufunguo mfukoni.
Ufunguo ulirudi kwa posta mwaka wa sitini na mbili.
Barua haikuwamo.

Tulipobandua plasta jikoni, masizi yakamwagika
kama usiku uliowekwa akiba.
Chini yake, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa babu:
*Padri, magunia matatu ya mahindi.*
*Daktari, nguruwe nusu.*
*Xan wa kinuni, ndama. Hajalipa.*
Delmiro akasoma. Akafuta miwani, akasoma tena.
"Babu yangu huyo," akasema, akaokota mwiko.
Jumamosi ile aliandika saa chache kuliko alizofanya kazi.
Nami sikumsahihisha.

Dada yangu Uxía anataka maandishi yale yawekewe kioo,
na taa ndogo juu yake. "Wageni hupenda vitu hivi."
Nikamwambia deni si pambo.
Tumesukuma kabati pale, kabati zito la bibi,
lenye harufu ya tufaha hadi leo,
na Uxía hakusema nami mpaka mvua za Novemba.

Paa tukaliezeka upya, kigae cha jiwe kwa kigae.
Ghala la mahindi likabaki juu ya miguu yake minne,
kila mguu na kofia yake bapa, panya akome hapo.
Mkaguzi aliuliza: hiki ni chumba?
Hapana, bwana. Hiki ni kiburi.

Jirani Dosinda alikuja na mayai, akachungulia shuka nyeupe.
"Mtu alipe yuro themanini kulala kwa ng'ombe?"
"Na kifungua kinywa."
Alicheka hadi akashika ukuta,
ukuta ukavumilia.
"Marela angejua," akasema, "angedai kodi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
kweli, maana awamu ya benki ni tarehe tano.
Na yule wa siku ya tatu, wa kupewa jembe,
siku hizi tunampa risiti.

Wamefika wa kwanza, mke na mume kutoka Bremen,
viatu vimelowa, ramani imelowa,
wakauliza nani aliishi humu.
Nikasema: familia.
Wakauliza kama jogoo anaweza kunyamaza.
Nikasema nitamweleza.

Sasa ni usiku. Mimi nimelala juu, mahali pa wale sita.
Delmiro aliziba nyufa zote za sakafu, kasoro moja;
alisema gundi imemwishia.
Ndoo niliiona, ilikuwa nusu.
Chini mtu anakohoa, anageuka, kitanda kinalia.
Joto linapanda kwenye ufa, linanigusa kisigino.
Najua ni mabomba. Najua hata bei yake kwa saa.
Lakini miguu yangu haijui hesabu,
na kabla ya usingizi nasikia mdomo wangu,
kwa sauti ya bibi, unasema:
Marela, sogea.