Punje Saba Kulia

Bwana Jivraj alinitolea kwanza ile kubwa,
nene kama mchi, ya kukuza mara ishirini na nne.
"Hii, afisa, utahesabu kope za mamba."
Nikamwambia sihitaji kope. Nahitaji mamba mzima,
na maji yaliyo kushoto kwake, na yaliyo kulia.

Nikangoja jua lishuke. Mchana kila kioo ni hodari;
kioo hupimwa saa kumi na mbili na robo,
Mwanza ikianza kuwasha taa, mawe yakiwa bado na joto.
Mlangoni pake nikazielekeza bandarini, moja baada ya nyingine,
nikitafuta jina la feri ubavuni.
Ile ya bei kubwa ilinipa ukungu wa maziwa.
Ile ndogo, ya mara nne, iliyokwaruzika kifuniko,
ilinisomea herufi zote, hata R iliyobanduka nusu.
Nikalipa. Risiti ya wilaya, muhuri, saini.

Kufunga ni kazi ya subira, na ya Luhende.
Luhende ana kovu juu ya nyusi, mwezi mwandamo,
zawadi ya darubini aliyoisogeza karibu mno na jicho
mwaka ule wa viboko wa Kome.
"Vidole vinne," hunionyesha, "kati ya kioo na uso.
Bunduki ni punda, haichagui wa kumpiga teke."

Tukailaza juu ya magunia ya mchanga, barazani kwake, Kayenze,
tupu, chemba wazi, nimetia kidole kuhakikisha.
Akaning'iniza uzi wa nyavu kwenye boriti,
na chini yake risasi ya wavuvi.
Kiswahili kinaziita zote risasi: inayozama na inayoruka.
Uzi ukayumba, ukatulia.
Nikaizungusha darubini ndani ya pete zake
mpaka mstari wa msalaba ukaulalia uzi.
Kisha skrubu: hii kidogo, ya mkabala kidogo,
kama unafunga gunia lililochakaa.

Kichuguu, hatua mia, karatasi ya daftari la mwanangu,
duara la makaa.
Tatu za kwanza zikaenda kushoto, zimekaa pamoja,
ndugu watatu waliopotea njia moja.
"Shukuru," akasema Luhende.
"Kosa lenye msimamo linatibika."
Kwa hatua mia, kila mwaliko wa kitufe ni punje ya mahindi.
Nikahesabu: ta, ta, ta. Punje saba kulia.
Ya nne ikala makaa.

Alfajiri nilikuwa juu ya jabali, tumbo kwenye umande.
Magugu maji. Kisha matundu mawili ya pua,
kisha macho, na kati ya macho na shingo
pale mahali padogo, mpana wa kiganja.
Mwezi Machi alimchukua Nyanzobe na ndoo yake ya buluu.
Msalaba ukakaa. Pumzi ikatoka nusu.
Kidole kikaanza safari.

Ila nimefundishwa kutolifumba jicho la kushoto.
Nalo, lisilo na kioo, lisilokuza kitu,
likaona mtumbwi unachomoza kwenye matete,
mtoto anakumba maji kwa kopo,
nyuma ya mamba, mbali, sawasawa kwenye mstari.
Darubini haikumwona. Haikuwa na pa kumweka.

Nikatoa kidole. Nikapiga kelele hadi koo likachubuka.
Mtumbwi ukageuka. Mamba akazama bila haraka,
kama mwenye nyumba anayerudi chumbani.

Kijijini salamu zilikuwa fupi.
"Serikali imenunua kioo cha kutazamia," mama mmoja akasema.
Sikumjibu. Ni dada yake Nyanzobe.

Jioni tukarudi kwenye kichuguu, risasi moja tu.
Barabara ya mawe ilikuwa imekula punje mbili.
Nikazirudisha.
Luhende akafuta kioo kwa pindo la shati,
akaniuliza kama yule mtoto ana jina.
Nikasema sijui. Ana kopo jekundu.