Mtu au Gunia

Mimi ni utingo. Kazi yangu inajulikana:
kuweka jiwe nyuma ya tairi mlimani,
kufunga turubai, kuhesabu magunia, kula mwisho.
Hii nyingine haikuandikwa popote.

Ilianza msimu ule mnada wa korosho ulipochelewa.
Tunatoka Tandahimba, magharibi imeshaingia,
vumbi la gari la mbele halijakata shauri la kutua,
Mzee Hokororo akaniuliza, kama anayeuliza saa:
"Chipande, pale mbele ni mtu au gunia?"
Nikatazama. "Gunia, mzee."
Akakanyaga mafuta.

Tangu hapo nikawa macho yake ya jioni.
"Gunia."
"Mtu."
"Mtu na baiskeli, anayumba."
"Mbuzi wawili, mmoja hana akili."
Miaka sita tulikwenda kwa sauti yangu,
kwa mikono yake,
na Mungu katikati, pale penye gia.

Na mikono ile, nisiinyime haki yake:
iliteremka mlima wa Newala breki zikinuka
huku mmoja ukimenya chungwa.

Mwaka huu chama cha msingi kikabandika karatasi ghalani:
dereva aliyevuka sitini na tano akapimwe upya,
la sivyo hapakii hata kilo.
Mzee Namkulya akasema anayetaka kumpima yeye
akazaliwe kwanza.
Mzee Hokororo hakusema kitu. Alinyoa ndevu,
akavaa shati la Idi, tukashuka Mtwara.

Ligula, mbele ya ubao wa herufi,
alisoma mpaka mstari wa mwisho bila kukwama.
Nilijua kwa nini. Foleni ilikuwa ndefu,
na aliyemtangulia alisoma kwa sauti ya mwadhini.

Kisha uwanjani. Mapipa manne, chokaa chini,
saa nne asubuhi, kila kitu kina jina lake.
Nimekaa pale pangu. Afande, binti mdogo
mwenye kalamu sikioni, akafungua mlango:
"Wewe utingo, shuka."
Nikataka kumwambia mimi ni nusu ya dereva.
Nikashuka.

Nilisimama na jiwe langu mkononi
nikaliona Fuso likirudi kinyumenyume kati ya mapipa,
polepole, kama mtu anayevaa kanzu mpya.
Halikugusa chokaa. Vijana wa bodaboda wakapiga makofi.
Afande akaandika AMEFAULU
na wala hakudanganya.
Saa nne asubuhi, amefaulu.
Mapipa hayavuki barabara.

Tukala pweza sokoni. Akaagiza soda mbili,
akanigonga bega: "Umeona? Bado nipo."
Nikatafuna kuliko pweza alivyohitaji.

Maana iko jioni moja ya Mnima sijamsimulia mtu.
Nilikuwa nimesinzia. Aliuliza mara moja,
nikajibu kabla sijafumbua macho.
Nilipofumbua, kwenye kioo cha pembeni
kulikuwa na vumbi, na kati ya vumbi
ndala moja, ndogo, imelala katikati ya njia.
Gari halikugusa kitu.
Halikugusa. Nimeapa hivyo usiku mwingi.

"Mzee," nikasema, "msimu huu sipandi."
"Ni hela?"
"Si hela."

Nzi akatembea mdomoni mwa chupa, mzunguko mzima.
Leseni ilikuwa mezani, karibu na chumvi.
Ndipo akauliza, bila kunitazama,
kwa sauti ile ile ya magharibi:
"La Mnima lile. Lilikuwa gunia?"

"Lilikimbia, mzee."

Akaomba maji ya kunawa. Akanawa.
Akaomba tena.
Ilikuwa saa tisa tu, tungewahi kufika Tandahimba
jua lingali juu ya mikorosho.
Akasema tulale hapa hapa Mtwara,
turudi asubuhi.